Jimbo la nanga na jogoo: safari ya Rhode Island

Jumatano, Providence

Treni ya kutoka Boston inachukua saa moja na kitu kufika Providence, na ukitoka stesheni huna haja ya kuuliza njia. Jengo la Bunge la jimbo liko hapo hapo juu ya kilima, marumaru nyeupe tupu iliyosafirishwa kutoka Georgia, na kuba lake ni moja ya makuba makubwa ya marumaru duniani yanayojishikilia yenyewe bila nguzo ya chuma. Kazi ya kulijenga ilianza 1895 na kuisha 1904. Nilipanda ngazi na begi langu mgongoni.

Rhode Island ndilo jimbo dogo kuliko yote 50 ya Marekani. Kutoka kaskazini hadi kusini ni kilomita 77 hivi, mashariki hadi magharibi 60. Ukiondoa maji, ardhi yake ni kilomita za mraba kama 2,700, yaani karibu sawa na Unguja na Pemba zikiwekwa pamoja, na wakazi wake ni milioni moja na laki moja. Kwa udogo huo mtu anaweza kulizunguka lote kwa siku chache, na ndilo nililokuja kufanya. Nilitaka kuziona alama zake rasmi, moja baada ya nyingine, pale pale zilipozaliwa. Alama za nchi au jimbo mara nyingi tunazikariri shuleni tu, wakati kila moja ilichaguliwa na watu, kwa sababu, mahali fulani.

Ya kwanza inapepea nje ya Bunge: bendera nyeupe yenye nanga ya dhahabu, nyota 13 kuizunguka, na chini yake utepe wa buluu wenye neno moja tu, Tumaini. Nanga ilikuwa kwenye mhuri wa koloni tangu 1647, na neno likaongezwa 1664. Msomaji wa Biblia atakumbuka mara moja Waebrania sura ya 6, lile tumaini tulilo nalo kama nanga ya roho, na kwa kuwa waanzilishi walikuwa watu wa kusoma Maandiko asubuhi na jioni, naamini walilitoa huko.

Ndani ya jengo inatunzwa hati ya mfalme Charles wa Pili ya 1663. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Hati hiyo inasema kwamba hakuna mtu katika koloni hili atakayesumbuliwa, kuadhibiwa wala kuulizwa kwa ajili ya kutofautiana na wengine katika mambo ya dini. Mwaka 1663! Ulaya ilikuwa bado inanuka damu ya vita vya madhehebu. Hati hiyo iliwatawala watu wa hapa mpaka 1843, miaka 180, ikapita katikati ya mapinduzi na uhuru bila kuondolewa.

Aliyepanda mbegu yake ni mhubiri Roger Williams. Mahakama ya koloni la Massachusetts ilimhukumu kufukuzwa 1635 kwa kufundisha kwamba serikali haina mamlaka juu ya dhamiri ya mtu, na kwamba mfalme hakuwa na haki ya kugawa ardhi ya wenyeji bila kuinunua. Akatoroka katikati ya majira ya baridi, akapita kwenye theluji, akapokelewa na wenyeji. Mwaka 1636 machifu wawili wa Wanarragansett, Canonicus na mpwa wake Miantonomi, wakampa mahali pa kuanzisha mji. Akauita Providence, kwa maana ya riziki na ulinzi wa Mungu. Alijifunza lugha ya wenyeji wake, na 1643 akachapisha London kitabu cha kuifundisha.

Alhamisi, Providence

Leo nilipanda kilima cha chuo, upande wa mashariki wa mto. Nyumba za mbao zenye umri wa miaka 200 na zaidi zimepangana barabara nzima, na mipaka ya viwanja imejaa miti ya mepo mwekundu, ambayo ndiyo mti rasmi wa jimbo. Oktoba majani yake huwaka hasa. Nilikuwa nimeziona picha, lakini picha haikuandai.

Nilikwenda kwenye nyumba ya John Brown, iliyojengwa 1788 na sasa ni makumbusho. Humo kuna kitu ambacho sijakiona mahali pengine popote: mzizi wa mtofaa. Mwaka 1860 watu wa mji waliamua kufukua kaburi la Roger Williams wampe mazishi ya heshima. Hawakukuta mifupa. Walikuta mzizi ulioingia pale mwili ulipolazwa, ukashuka, ukagawanyika pawili kama miguu, na mwishoni ukapinda kama nyayo. Wakauchukua. Hakuna picha halisi ya Williams iliyobaki duniani, ndiyo maana hata walipotaka kumweka juu ya kuba la Bunge walishindwa kujua wachonge uso gani, wakaweka sanamu ya mtu huru asiye na jina. Kwa hiyo mzizi huu ndio kitu cha karibu zaidi na mwili wake. Ni mweusi, mrefu, umekauka. Pale kwenye goti umepinda sawasawa.

Lakini nyumba yenyewe ndiyo iliyonikaba koo. John Brown alikuwa tajiri mwenye meli. Usiku wa Juni 1772 ndiye aliyewaongoza watu wa Providence kwenda kwa mashua kuichoma Gaspee, meli ya Waingereza iliyokuwa ikikusanya ushuru ndani ya ghuba, miaka mitatu kabla ya risasi za kwanza za vita vya uhuru. Shujaa, basi. Mtu huyo huyo alikuwa mfanyabiashara wa watumwa. Mwaka 1764 yeye na ndugu zake watatu waliituma meli Sally Afrika Magharibi. Waafrika 196 walinunuliwa, na wasiopungua 109 walikufa: wengine kwa magonjwa, wengine kwa njaa waliyojiwekea wenyewe, wengine walipigwa risasi walipoinuka kupigana. Na mwaka 1797 John Brown akawa Mmarekani wa kwanza kushtakiwa katika mahakama ya shirikisho kwa kuvunja sheria ya 1794 iliyokataza kuandaa meli za kusafirisha watumwa. Aliipoteza meli aliyoshtakiwa kwayo. Meli hiyo ilibeba Waafrika zaidi ya 200 kuwapeleka Havana. Jina lake Tumaini.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Neno lile lile la kwenye utepe wa bendera lilikuwa limepakwa rangi kwenye meli ile.

Si familia moja tu. Kati ya 1709 na 1807 safari zaidi ya 900 za meli za kubeba watumwa zilitoka katika bandari za koloni hili dogo, nazo zilichukua Waafrika kama 100,000. Hakuna koloni jingine la Amerika ya Kaskazini lililolikaribia. Mashine ilikuwa rahisi na ya kutisha: molasi inatoka mashamba ya miwa ya Karibi, inapikwa Newport na Providence kuwa pombe ya ramu, ramu inakwenda Afrika kununua watu, watu wanapelekwa Karibi kulima miwa.

Hatua chache kutoka hapo ni Chuo Kikuu cha Brown, chenye jina la familia hiyo. Mwaka 2006 chuo kilitoa ripoti ndefu kuhusu uhusiano wake na utumwa, na 2014 kikaweka kumbukumbu iliyochongwa na Martin Puryear: nusu ya mpira mkubwa wa chuma, kama umezama ardhini, na mnyororo mnene unaotoka ndani yake. Pete ya mwisho imekatika, na pale ilipokatika chuma kimesuguliwa kikawa kioo. Ukiinama unaona mawingu. Nawapa heshima waliofanya kazi hiyo. Wangeweza kunyamaza.

Jioni nilikunywa kinywaji rasmi cha jimbo, maziwa ya baridi yaliyochanganywa na sharubati nzito ya kahawa. Bunge lilikipitisha 1993 mbele ya mpinzani wake, limau la barafu. Ni kitamu sana, na watoto wa hapa hukikuta kwenye chakula cha shule.

Ijumaa, Pawtucket

Basi la Pawtucket lilijaa lugha. Kireno cha Cape Verde, Kiingereza cha Liberia, Kihispania, na nyuma yangu mama mmoja wa Bukavu aliyekuwa akiongea na simu kwa Kiswahili. Nikamsalimia. Akakata simu ghafla: "Ee Mungu wangu, ndugu, wewe unatokea wapi?" Tukaongea mpaka nikakaribia kupitiliza kituo.

Kiwanda cha Slater ni jengo la mbao la rangi ya njano kando ya maporomoko ya mto Blackstone. Samuel Slater alikuwa kijana wa Kiingereza aliyejifunza kazi katika viwanda vya Derbyshire. Sheria ya Uingereza ilikataza mashine na michoro yake kutoka nje ya nchi, hivyo akaikariri yote kichwani, akapanda meli 1789. Aliyempa mtaji ni Moses Brown, mdogo wake John, ambaye aliwaacha huru watumwa wake 1773, akajiunga na madhehebu ya Wakweka, akaipinga biashara ya kaka yake maisha yake yote yaliyobaki. Desemba 1790 mashine za kusokota pamba kwa nguvu za maji zikaanza kuzunguka hapa, kwa mara ya kwanza Marekani. Wafanyakazi wa kwanza walikuwa watoto. Jengo hili lenyewe ni la 1793.

Mswahili hapaswi kupita hapa haraka. Kutokana na mbegu hii viwanda vya pamba vilienea New England yote, na kutoka viwanda vya Massachusetts kilikuja kitambaa ambacho babu zetu walikiita merikani. Wafanyabiashara wa Salem walikipeleka Unguja kwa shehena. Sayyid Said alitia saini mkataba na Marekani 1833, na konsuli wao wa kwanza akafika 1837. Meli za Providence nazo zilifika. Merikani ilisafiri vichwani mwa wapagazi mpaka Tabora na Ujiji, ikatumika kama fedha, na meli zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Pamba yenyewe ililimwa na watumwa wa Kusini mwa Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka 1861 pamba ikakosekana, na soko la Unguja likachukuliwa na vitambaa vya Uingereza na India. Na hapa hapa Rhode Island kulikuwa na viwanda, kama kile cha Peace Dale, vilivyofuma kitambaa kigumu cha bei ya chini kwa ajili ya kuwavisha watumwa wa mashamba. Moses alikuwa mtu mwema, na uzi wake bado ulipita katika mikono iliyofungwa.

Jumamosi, Newport

Kisiwa ambacho Newport imekaa ndicho kilichoitwa Rhode Island tangu mwanzo. Bara lilikuwa Providence Plantations. Jina rasmi la jimbo liliyabeba yote mawili mpaka Novemba 2020, wapiga kura walipoondoa sehemu ya pili kwa sababu neno Plantations liliwakumbusha mashamba ya watumwa. Jimbo dogo kuliko yote lilikuwa na jina refu kuliko yote.

Majumba ya matajiri niliyatembelea kwa nje tu, kwenye njia ya miguu ya ufukweni. The Breakers, nyumba ya mapumziko ya familia ya Vanderbilt iliyokamilika 1895, ina vyumba 70. Imetosha.

Sinagogi la Touro lilifunguliwa 1763, na ndilo jengo la sinagogi la zamani kuliko yote yaliyobaki Marekani. Wayahudi walifika Newport kwa sababu ya uhuru ule wa dhamiri. Mwaka 1790 George Washington aliwaandikia waumini wake barua ya kuwahakikishia kwamba serikali mpya haitaubariki ubaguzi wala kuyasaidia mateso. Miezi michache kabla, Mei 29, Rhode Island ilikuwa imekubali katiba ya shirikisho, ya mwisho kati ya yale majimbo 13 ya kwanza. Hawa ni watu wagumu kusukumwa.

Mchana nilikwenda makaburini, mtaa wa Farewell. Upande mmoja panaitwa God's Little Acre, walikozikwa Waafrika wa Newport tangu enzi za koloni, watumwa na walioachwa huru. Mawe ni ya sleti, membamba, mengine yamelika herufi. Lipo moja la Cuffe Gibbs, aliyekufa Desemba 27, 1768, akiwa na miaka 40. Juu kuna kichwa cha malaika mwenye mabawa, na chini maandishi yanasema jiwe hili lilikatwa na Pompe Stevens kwa kumkumbuka ndugu yake. Pompe alikuwa mtumwa katika karakana ya wachonga mawe. Alichonga jina la ndugu yake, halafu akachonga na lake, ili ijulikane ni mkono wa nani. Nilichuchumaa nikapitisha macho kwenye kila herufi. Cuffe ni Kofi, jina la mtoto aliyezaliwa Ijumaa huko Ghana. Humu amelala pia Duchess Quamino, mpishi wa keki aliyesifika mji mzima, aliyefariki 1804. Jina la Quamino linatokana na Kwame, wa Jumamosi. Wamarekani wachache hufika hapa ukilinganisha na foleni ya kuingia The Breakers, na hilo linaniuma. Kama una saa moja tu Newport, njoo huku.

Nilikula supu ya kombe aina ya quahog, gamba rasmi la jimbo, ambayo hapa hupikwa bila maziwa, mchuzi mwepesi mwangavu wenye viazi na bekoni. Ndani ya gamba lake kuna rangi ya zambarau. Wenyeji walilikata, wakalitoboa, wakalisugua kuwa shanga za wampum, ambazo wakoloni wa kwanza walizitumia kama fedha.

Jumapili, Little Compton

Hakuna basi la kufika kona hii, ila dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi karibu na Providence, na baada ya kanisa alinichukua kwa gari. Ni mashamba, kuta za mawe na bahari. Katika kijiji cha Adamsville, kando ya barabara, kuna jiwe lenye bamba la shaba, na kwenye bamba kuna jogoo. Wafugaji walilisimamisha 1925 kuwa kumbukumbu ya kuku aliyezaliwa hapa, Rhode Island Red.

Dada aliinama akasoma, akanigeukia. "Mdogo wangu, huyu si ndiye yule jogoo wa baba mdogo?"

Ndiye. Sisi ni watu wa Singida, na kwa Wasingida kuku si jambo dogo. Bwana mifugo alikuwa akileta majogoo wekundu. Mfugaji anatoa jogoo wake wa kienyeji, anapewa huyu ili apandishe mitetea ya nyumbani na vifaranga wawe wakubwa. Wa baba alikuwa na manyoya ya rangi ya mahogani, mkia mweusi wenye mng'ao wa kijani, miguu ya njano na upanga mmoja mwekundu uliosimama wima. Vifaranga chotara wake walikua haraka na mitetea ikataga zaidi. Wafugaji wengi wa Tanzania na Kenya wanalijua jina la jimbo hili kwa kuku tu.

Chimbuko lake ni kama ifuatavyo. Katika miaka ya 1850 nahodha William Tripp wa Little Compton alipata jogoo mwekundu wa asili ya Malaya kwenye bandari ya New Bedford, ambako meli zilirudi kutoka Asia. Akamchanganya na kuku wake, akaona mayai yanaongezeka. Yeye na jirani zake wakaendelea kuchagua wekundu na wanaotaga, mwaka baada ya mwaka, wakiingiza damu ya kuku wengine wa Asia na Ulaya. Hawakuwa wataalamu wa maabara. Walikuwa wakulima wanaotaka kuku avumilie baridi, atage wakati wa baridi, na mwisho awe na nyama. Chama cha wafugaji wa Marekani kilimtambua rasmi 1904. Mtetea mzuri hutaga mayai 200 na zaidi kwa mwaka, na kuku wengi wa kisasa wa mayai ya kahawia wana damu yake. Mwaka 1954 akafanywa ndege rasmi wa jimbo. Majimbo mengine yamechagua kware na ndege wa nyimbo. Rhode Island ilimchagua mfanyakazi, na katika alama zao zote hii ndiyo ninayoipenda zaidi.

Jumatatu, kusini na Block Island

Njiani kwenda bandari ya Galilee tunapita South Kingstown. Kwenye kinamasi cha huku, Desemba 19, 1675, jeshi la makoloni ya jirani liliichoma ngome ya Wanarragansett na mamia ya watu ndani yake, wengi wanawake, watoto na wazee. Ndio watu waliompa Roger Williams mahali pa kulala. Providence nayo ilichomwa na wenyeji mwaka uliofuata. Mwaka 1880 jimbo likatangaza kwamba kabila hilo halipo tena kisheria, na haikuwa mpaka 1983 ndipo serikali ya shirikisho ilipowatambua. Wapo, Charlestown, na mafundi wao wa kujenga kuta za mawe wanajulikana jimbo zima. Asubuhi nilikula johnnycake, chapati ndogo nene za unga wa mahindi magumu meupe ambayo wenyeji hawa ndio walioyalima kwanza: unga, maji ya moto, chumvi, kikaango, na kingo ziwe kavu za kutafunika.

Feri inachukua kama saa moja. Block Island ina wakazi wa kudumu wapatao 1,400, na zaidi ya asilimia 40 ya ardhi yake imehifadhiwa isijengwe. Magenge ya Mohegan, ya udongo na mawe yaliyoachwa na barafu ya kale, yanafika mita 45 juu ya bahari, na bahari inayala. Mnara wa taa wa matofali uliojengwa 1875 ulikuwa umebaki karibu kabisa na ukingo, hivyo 1993 ukainuliwa mzima mzima na kusogezwa nyuma zaidi ya mita 70. Ukisimama chini yake unaona baharini mitambo mitano ya upepo, ya kwanza ya kibiashara katika bahari ya Marekani, iliyoanza kuzalisha umeme Desemba 2016. Kabla yake kisiwa kiliishi kwa jenereta za dizeli.

Kisiwani hapa pia anaishi mdudu rasmi wa jimbo, mbawakawa mweusi mwenye madoa ya rangi ya chungwa anayezika mizoga. Zamani alienea mashariki yote ya Marekani. Sasa kisiwa hiki ni moja ya makimbilio yake ya mwisho upande huu wa mto Mississippi. Dume na jike wakipata ndege mdogo aliyekufa humchimbia chini, humnyonyoa, humfinyanga kuwa donge, kisha hutaga mayai kando yake. Watoto wakitoka, wazazi wote wawili huwalisha mdomoni, jambo la nadra sana kwa wadudu. Wanafunzi wa shule ya msingi ndio waliompigania, na mwaka 2015 sheria ikapita. Oktoba yuko ardhini. Anayetaka kumwona aje Juni au Julai, na atoke usiku.